Kompyuta imehamia Windows 11, printa imegoma: tatizo liko wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi umeendesha steshenari, ofisi za shule, zahanati na kaunta za maduka kutoka Mombasa hadi Mbeya. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni masasisho ya kawaida ya usalama, yale yanayoziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni. Basi watu wakaanza kuhamia Windows 11, wengine kwa kupanga, wengine kwa kubofya tu ule ujumbe uliokuwa ukijitokeza kila mara. Asubuhi yake mashine inawaka vizuri, mteja analeta flashi ana haraka ya kuchapisha barua ya maombi ya kazi, na printa haionekani popote.

Hapo huitwa fundi, na dawa ya kwanza ya mafundi wengi ni kupiga Windows upya. Napinga tabia hiyo kwa nguvu zangu zote. Kupiga Windows upya kunafuta ushahidi, kunafuta programu ambazo CD yake ilishapotea zamani, na mara nyingi tatizo linarudi vilevile kwa sababu Windows yenyewe ilikuwa nzima. Kilichovunjika ni makubaliano kati yake na kitu kingine. Kazi ya fundi ni kukijua kitu hicho kwanza.

Programu ya hesabu haigusi diski wala printa kwa mkono wake. Inauomba mfumo endeshi: nifungulie faili hili, nichoree dirisha hapa, nipelekee ukurasa huu kwenye printa. Maombi hayo yana majina na taratibu zake, na aliyeandika programu aliiandika akitegemea kwamba taratibu hizo zitabaki zilivyo. Microsoft imejitahidi sana kuzitunza. Wakati wa kuandaa Windows 95, wahandisi wake waligundua kwamba mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa la kusoma memori ambayo ulikuwa umekwisha kuirudisha kwa mfumo. Kwenye Windows ya zamani kosa hilo halikuonekana. Kwenye mpya lingeuangusha mchezo. Wakaiwekea Windows 95 utaratibu maalumu: ikitambua kwamba SimCity inaendeshwa, isiharakishe kuichukua memori hiyo. Na hadi leo, Windows 11 ikiulizwa na programu wewe ni toleo namba ngapi, hujibu 10.0, jibu lilelile la Windows 10. Apple wana desturi tofauti. Toleo la macOS Catalina la Oktoba 2019 lilikataa kwa mkupuo programu zote za 32-bit, muundo wa zamani uliotangulia ule wa 64-bit wa leo, na aliyekuwa akiitegemea mojawapo hakuwa na namna ya kuiendesha humo.

Kwa hiyo programu ya kawaida iliyoandikwa mwaka 2003 ina nafasi nzuri ya kufunguka kwenye Windows 11. Zinazokwama zaidi ni zile zinazokaa karibu na kiini cha mfumo: draiva (programu zinazouwezesha mfumo kuongea na kifaa kama printa), antivirusi, visoma alama za vidole, vidude vya leseni vinavyochomekwa kwenye USB. Tofauti hii ndiyo ya kuikumbuka unapotafuta chanzo. Ukiwa na printa inayogoma, fungua Notepad, andika neno moja, chapisha. Ikichapisha, draiva haina kosa, na shida iko kwenye programu uliyokuwa ukiitumia. Isipochapisha hata kutoka Notepad, usiihangaishe programu. Nenda Device Manager, orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows, ukaangalie kama kifaa kina alama ya njano. Jaribio hilo la dakika moja linaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kabla ya yote, je, mashine yenyewe inakubalika?

Windows 11 inataka prosesa ya 64-bit iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa ujumla ni Intel kuanzia kizazi cha 8 au AMD kuanzia Ryzen 2000. Inataka pia RAM ya GB 4, diski yenye GB 64, UEFI (programu ya kuwashia mashine iliyorithi BIOS ya zamani) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani kukagua kinachowashwa, na TPM 2.0, ambayo ni sehemu inayotunza funguo za siri ndani ya mashine. Kwa soko letu la laptop za mtumba, sharti la prosesa ndilo linalouma. Namba zinazofuata kistari zinakuambia kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T470, mashine imara zilizojaa madukani, ziko upande usiokubalika. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 kwa kawaida zinakubalika, lakini zote mbili ziliwahi kuuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7. Muuzaji akikuambia "hii ni G5", omba uiwashe na usome namba ya prosesa mwenyewe.

TPM ni habari nyepesi zaidi. Mashine nyingi za kuanzia mwaka 2016 hivi zinayo, ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utaona kama ipo na ni toleo gani. Kama diski iliandaliwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, huna haja ya kuifuta: Windows 10 yenyewe ina chombo kinachoitwa mbr2gpt kinachoigeuza bila kugusa mafaili yako, kisha unabadili BIOS kutoka Legacy kwenda UEFI. Hata hivyo, chukua nakala ya kazi zako kwanza. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS, maana mashine inaweza kukuomba ufunguo huo inapowaka, na bila huo mafaili hayafunguki kwa mtu yeyote, hata Microsoft wenyewe.

Zipo njia za kukwepa masharti haya, na mafundi wanazijua. Microsoft imesema wazi kwamba mashine iliyolazimishwa haina hakikisho la kupata masasisho. Tena toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, la mwaka 2024, linahitaji amri fulani za ndani ya prosesa, POPCNT na SSE4.2, na kwenye mashine isiyo nazo Windows haiwaki kabisa. Kwa kompyuta ya kuchezea nyumbani, jaribu ukipenda. Kwa inayoshika fedha za watu au rekodi za wagonjwa, usilazimishe. Mtumiaji binafsi wa Windows 10 aliwekewa nafasi ya kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo akihifadhi mipangilio yake kwa akaunti ya Microsoft. Na kwa mashine ambayo kazi yake ni kuandika na kuperuzi tu, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, inatosha.

Draiva, mahali ambapo vita ni vikali

Draiva ni mkalimani kati ya mfumo na kifaa. Lakini mara nyingi anakaa ndani ya kiini cha mfumo, na akikosea anaweza kuangusha kompyuta nzima. Ndiyo sababu Windows imezidi kuwa kali juu yake kila toleo.

Ukali wa kwanza unahusu 32-bit na 64-bit. Windows 10 ilikuwa na matoleo yote mawili. Windows 11 ina la 64-bit peke yake. Programu ya 32-bit bado inaendeshwa, kwa sababu ndani ya Windows kuna tabaka linaloitwa WOW64 linalopokea maombi yake na kuyageuza. Draiva inayoingia kwenye kiini haina tabaka la namna hiyo. Draiva ya 32-bit haingii kwenye kiini cha 64-bit, iwe umebofya kulia ukachagua hali ya utangamano (compatibility mode) au umeiendesha kama msimamizi. Mtu akikuambia kwamba hali ya utangamano itaponya draiva ya aina hiyo, jua hajaielewa shida.

Printa ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri kuliko vifaa vingine. Printa kubwa ya ofisi huelewa lugha sanifu kama PCL au PostScript, kwa hiyo hata mtengenezaji asipotoa draiva mpya, draiva ya jumla itaiendesha. Printa ndogo za bei nafuu hazina uwezo huo. Kompyuta ndiyo inayochora ukurasa nukta kwa nukta na kuusukuma kwenye printa. HP LaserJet 1018 na 1020 zimekwenda mbali zaidi: hata programu ya ndani inayoiwezesha printa kufanya kazi haikai ndani yake. Ukiizima, inafutika, ukiiwasha, draiva ya kompyuta huituma upya kupitia waya wa USB. Bila draiva sahihi una boksi lenye taa na tona, basi. Kwa printa za namna hii, tafuta draiva ya 64-bit kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ile iliyoandikwa kwa Windows 7 au 8 mara nyingi hukubali. Usiipakue kwenye zile tovuti zinazoahidi kusasisha draiva zako zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi zinakuletea matangazo na mizigo usiyoiomba.

Mfano mwingine ni nyaya za kugeuza USB kuwa bandari ya zamani ya serial, zinazotumika kwenye mizani, printa za risiti na kuprogramu redio za upepo. Nyingi zina chipu ya Prolific PL2303. Ukiuchomeka wenye chipu ya zamani kwenye Windows 11, Device Manager inaweza kukuandikia kwa herufi kubwa kwamba PL2303HXA iliondolewa sokoni tangu 2012 na kwamba uwasiliane na muuzaji wako. Waya haujaharibika. Mtengenezaji ameamua draiva yake mpya isiuhudumie, kwa sehemu kwa sababu soko lilijaa chipu bandia. Kinachosaidia ni kumwambia Device Manager nichague draiva mwenyewe, kisha kuirudia ya zamani, au kununua waya wenye chipu nyingine. Mimi ningenunua waya, kwa sababu sasisho la kesho linaweza kuileta tena draiva mpya na mizani ikasimama katikati ya wateja.

Ukali wa pili ni ulinzi unaoitwa Memory integrity, ulio ndani ya Windows Security kwenye sehemu ya Core isolation. Huzuia draiva zilizoandikwa ovyo zisiingie kwenye kiini. Wengi huuzima mara tu kifaa kinapogoma. Fungua kwanza orodha ya draiva zilizokataliwa ambayo ulinzi wenyewe unakuonyesha. Si ajabu ukakuta draiva inayolalamikiwa ni ya modemu ya USB ambayo hukuigusa tangu enzi za vocha za kukwangua. Iondoe hiyo draiva, na ulinzi uuache ukifanya kazi.

Programu inafunguka, data haipo

Hili ndilo linalowatia watu hofu kuliko yote, na linastahili kuelezwa taratibu. Zamani programu nyingi ziliandika data zake ndani ya folda zilimosakinishwa, chini ya Program Files. Tangu Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Badala ya kuziacha programu za zamani zife, Windows ikazificha ukweli: programu ikidhani inaandika kwenye Program Files, faili linapelekwa kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji, ndani ya AppData, Local, VirtualStore. Programu haijui, mwenye duka hajui, na kazi inaendelea kwa miaka.

Sasa kompyuta imehamishwa. Programu inasumbua kufunguka, fundi anaiweka iendeshwe kama msimamizi. Msimamizi anaruhusiwa kuandika Program Files, kwa hiyo ule uelekezaji wa kimyakimya unakoma, na programu inasoma faili la zamani lililobaki humo tangu siku ya usakinishaji. Mauzo ya miaka mitatu yametoweka. Hayajatoweka: yako VirtualStore. Mahali hapo ndipo pa kuangalia kwanza, chini ya jina la kila mtumiaji wa mashine hiyo. Ole wako kama fundi alishapiga Windows upya na kuifuta diski.

Mengine ya upande wa programu ni mepesi. Programu inayodai .NET 3.5, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingi hukitegemea, haihitaji kupakuliwa upya. Kwenye Windows 11 hadi toleo la 25H2, hicho ni kipengele cha Windows kinachowashwa kwenye Windows Features, na Windows hukipakua yenyewe. Kama bando ni tatizo, kinaweza kuchukuliwa kwenye flashi ya usakinishaji ya Windows, ndani ya folda ya sources\sxs. Programu ya 32-bit inayolalamika kwamba haioni hifadhidata yake huenda inahitaji ODBC (kiunganishi cha programu na hifadhidata) ya 32-bit, ambayo mipangilio yake inafunguliwa kutoka folda ya SysWOW64. Majina ya folda hizi yamepishana na akili: System32 ina mafaili ya 64-bit na SysWOW64 ina ya 32-bit, kwa sababu programu nyingi zilikuwa zimeandikiwa jina la System32 ndani yake na kulibadili kungezivunja.

Programu za 16-bit, zile za enzi za Windows 3.1 na DOS, haziendeshwi kabisa na Windows ya 64-bit. Kuna zinazochanganya hapa: programu ya miaka ya 1990 ambayo yenyewe ni ya 32-bit, lakini kisakinishi chake ni cha 16-bit. Ikigoma kusakinishwa, usikate tamaa haraka. Pengine folda yake ikinakiliwa nzima kutoka mashine ya zamani itafunguka.

Mifumo ya ofisi na kamera za usalama zilizotegemea Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, zina njia pia. Internet Explorer 11 ilistaafishwa kwenye Windows 10 mnamo 15 Juni 2022 na haimo ndani ya Windows 11, lakini Edge, kivinjari kilichoirithi, ina hali ya IE unayoiruhusu kwenye mipangilio yake, na Microsoft imeahidi kuitunza hadi angalau 2029.

Kompyuta mbili zilizokuwa zikisikizana

Mashine ya fotokopi iliyokuwa ikiskani moja kwa moja kwenye folda ya katibu muhtasi imeacha. Chanzo cha kawaida ni SMB1, itifaki kongwe ya kushirikishana mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB1 na kuvuruga hospitali za Uingereza na mashirika katika nchi nyingi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Microsoft ikaacha kuisakinisha kama kawaida. Fotokopi nyingi za zamani hazijui itifaki nyingine. Utaona mtandaoni maelekezo ya kuirudisha SMB1. Ninakusihi usiirudishe kwenye mtandao wa ofisi. Angalia kama mtengenezaji ametoa sasisho la fotokopi hiyo, au igeuze iskani kwenda barua pepe, FTP au flashi.

Windows 11 24H2 imekaza zaidi: mawasiliano ya SMB sharti yawe na saini, na toleo la Pro halikubali tena kuingia kwenye folda ya mwenzako kama mgeni asiye na nenosiri. Suluhisho la folda ni dogo: tengeneza mtumiaji mwenye nenosiri kwenye kompyuta inayoshirikisha, na wengine waingie kwa jina hilo.

Printa inayoshirikishwa kupitia kompyuta nyingine ina kisa chake. Mwaka 2021 yalitangazwa matundu kadhaa kwenye huduma ya kuchapisha ya Windows, likiwemo lile maarufu la PrintNightmare, na masasisho yaliyoyafuata yalibana jinsi kompyuta zinavyopeana draiva na kazi za kuchapisha. Ndiyo asili ya kosa 0x0000011b ambalo ofisi nyingi zimeliona. Badala ya kuhangaika na Registry, hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows, kama printa ina waya wa mtandao au Wi-Fi, kila kompyuta iiongeze moja kwa moja kwa anwani yake ya IP. Hapo hakuna tena kompyuta ya katikati ya kugombana nayo.

Siku kumi za kurudi

Ukipandisha toleo bila kufuta, Windows 10 yako inabaki kwenye folda ya Windows.old kwa siku kumi. Ndani ya muda huo unaweza kurudi kupitia Settings, System, Recovery, kisha Go back. Siku kumi ni chache kwa ofisi, kwani programu ya mishahara hufunguliwa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo siku ileile ya kuhama, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Muda unakuwa siku 60. Usifute Windows.old kwa tamaa ya nafasi kabla hujaiona kila programu muhimu ikifanya kazi. Na kabla ya kuhama, chomeka flashi au diski ya nje, tengeneza humo folda, kisha andika pnputil /export-driver * E:\draiva, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E. Draiva zote za ziada zilizokuwa zikifanya kazi, isipokuwa zile zinazokuja na Windows yenyewe, zitanakiliwa humo, na hata mtengenezaji akizifuta kwenye tovuti yake unazo.

Itabaki mashine moja au mbili ambazo hazihamishiki: ile inayoendesha kipimo cha maabara chenye draiva ya 32-bit, au inayotunza rejista ya zamani iliyoandikwa kwa DOS. Rejista ya DOS iweke ndani ya kompyuta bandia kwa kutumia VirtualBox yenye Windows ya 32-bit, nayo itaendelea kusomeka juu ya Windows 11. Kipimo cha maabara kiache na kompyuta yake na mfumo wake wa zamani, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, na majibu yake yahamishwe kwa flashi moja isiyotumika kwa kazi nyingine, inayokaguliwa na antivirusi ya kompyuta mpya kila inapochomekwa. Nakili pia diski nzima ya mashine hiyo kwenye diski nyingine mapema, kwa sababu siku diski yake ya asili ikifa, hakuna duka litakalokuuzia tena mfumo ule ukiwa umesanidiwa vile.